Mwombaji Alicheka

Vijana wa ofisini wameniomba niwaandikie kitu cha kuwaachia, maana nimestaafu na sasa nina nafasi ya kupalilia mahindi na kusema ukweli. Walitaka niandike mafanikio na changamoto. Mafanikio yako kwenye taarifa za robo mwaka, nendeni mkayasome, yamejaa tele. Mimi nitaandika kuhusu kazi yenyewe, na kuhusu maneno mawili yaliyoandikwa mezani kwetu Songea yakamrudisha mwanamke ng'ambo ya mto Ruvuma na watoto wake. Vyeo na mshahara sitavigusa. Vyeo vilichelewa na mshahara haukutosha, kama wenu.

Nilianza Tunduru, maduka ya nchi hii yakiwa bado matupu. Mimi ni Mmatengo wa Mbinga, nimesomeshwa na masista, na siku niliyofika sikuwa nimewahi kuuona mkorosho. Basi letu lilikwama kwenye matope baada ya Namtumbo tukasukuma, kwa hiyo nilimripotia mkuu wangu wa kwanza nikiwa na matope mpaka magotini. Alinitazama miguu akasema, "Vizuri. Nusu ya wateja wako watakuja hivyohivyo. Mtaelewana."

Huyo ndiye Bwana Haule. Alikuwa mtu mrefu kutoka upande wa ziwa, mwenye kusokota tumbaku ya Namtumbo kwenye kipande cha gazeti alichokwisha kukisoma. Ofisi yetu ya wakimbizi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya jengo la wilaya: meza mbili, taipureta moja, baiskeli moja, na muhuri aliokuwa akiondoka nao mfukoni kila jioni. Alisema mtu anaweza kuiba baiskeli na nchi ikaendelea, lakini akiiba muhuri ameiba mpaka.

Ng'ambo kulikuwa na vita, ninyi mmeisoma shuleni. Watu walivuka mto kwa mitumbwi, wengine kwa miguu wakati wa kiangazi. Utaratibu ulikuwa hivi. Mwenyekiti wa kijiji cha mpakani akiwaona wageni anatoa taarifa. Sisi tunakwenda na mganga na askari: silaha kama ipo inakabidhiwa, wagonjwa wanatengwa, kila kaya inaandikwa, kisha wanapelekwa kwenye makazi waliyotengewa, wanapewa jembe, unga na kiwanja. Hawakuhojiwa mmoja mmoja. Serikali ilikwishakubali kwamba anayetoka kule kwa wingi ule anakimbia vita, ikatosha. Yule aliyekutwa nje ya makazi, mjini au njiani, bila kuandikwa mpakani, ndiye aliyetakiwa kujieleza peke yake. Tunamjazia fomu, tunamhoji, faili linakwenda Dar es Salaam, kamati inakaa na kupendekeza, mkubwa mwenye mamlaka anaamua. Katika safari yote hiyo, mtu mwenyewe anaonekana mara moja tu. Baada ya hapo ni karatasi zinazosafiri.

Bwana Haule alinifundisha kuhoji. "Usimuulize mtu kwa nini amekimbia," aliniambia. "Hilo atakujibu kama redio. Muulize siku hiyo jikoni kulikuwa na nini." Nilimwona mzee wa kutunga tu. Mpaka siku moja nikamwuliza mama mmoja, akaniambia aliacha kisamvu kikiwa nusu kimetwangwa na mchi ndani ya kinu, akaanza kueleza jinsi mtoto alivyokuwa akidai karanga, na kutoka hapo hadithi yote ikafuata bila mimi kuuliza tena. Mwongo hupika chakula kizuri sana. Mkweli anakumbuka kilichoungua.

La pili alilonifundisha ndilo lililotufikisha pabaya, na sitaki mtu amlaumu, maana lilikuwa la kweli. Alisema, "Mwenye msiba mzito hasemeshwi na ofisa. Mtafutie mtani."

Mnajua utani wetu, ingawa siku hizi mnautumia kwenye simu kuchokozana mambo ya mpira. Wangoni waliwafukuza Wayao zamani, vita vikaisha, chuki ikageuka utani. Myao akifiwa, Mngoni ana haki ya kuingia msibani akamcheka marehemu, akalalia jeneza, akadai mbuzi, na mfiwa hakasiriki. Anacheka, na akishacheka anaweza kulia, na akishalia anaweza kula. Mtani si lazima mfahamiane. Unazaliwa naye. Basi nasi tulipopata mtu wa ng'ambo aliyeona mauti akawa amefungika, hajibu, anatazama sakafu, tulimwita mkalimani Mngoni amfungue. Wayao wa ng'ambo na wa huku ni walewale. Mto uliwakuta.

Nilipohamishiwa Songea nikamkuta bingwa wa kazi hiyo. Mzee Komba alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Mjimwema, Mngoni aliyekulia Tunduru kwa sababu baba yake alikuwa mpishi wa mapadri huko, akakijua Kiyao kuliko Wayao wa mjini. Tulimwita kama kibarua kila tulipomhitaji. Alikuja na futi yake ya kupimia nguo shingoni, akakaa nayo hivyohivyo mpaka tumalize. Misiba yote ya Wayao wa Songea ilikuwa yake. Dereva wetu Saidi, Myao wa Tunduru, alikuwa hapandi naye gari bila ugomvi.

"Shikamoo, mtumwa wangu," Mzee Komba alikuwa akimwambia Saidi, ambaye alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi.

"Marahaba, mla panya," Saidi alijibu. "Leo utakaa nyuma na mizigo."

Nilicheka nao mwaka hadi mwaka. Nilifanya nao kazi nyingi nzuri, na watu wengi walipata hifadhi kwa sababu fundi mmoja aliwatania mpaka wakasema yaliyowakuta.

Kisha ikaja enzi ya ruksa. Sukari ikarudi dukani, mitumba ikamwagika sokoni, kila mwenye miguu akawa mfanyabiashara. Watu walivuka mto na chumvi na sabuni, wakarudi na walichopata. Wakubwa wakaanza kusema kwamba anayekutwa mjini Songea kutoka ng'ambo si mkimbizi, ni mchuuzi. Wakati huohuo serikali ilikuwa inabana matumizi. Wenzetu wakapunguzwa kazini, petroli ikapungua, na mafaili yakarundikana Dar es Salaam hadi wakaamua kamati ije yenyewe huku mikoani kuyamaliza. Mkisikia kazi inakuja kumalizwa, ogopeni. Inayomalizwa si kazi.

Abiba alikutwa Mjimwema. Alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo, Myao wa ng'ambo, na watoto wawili, binti aliyeanza kubalehe na mdogo wa mgongoni. Alihifadhiwa na mama mmoja muuza karanga wa sokoni, Myao pia, na askari walipopita kukagua nyumba wakamwona hana karatasi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wakamleta kwetu, nikamjazia fomu mwenyewe.

Nilimwuliza kwa nini hakujiandikisha mpakani. Alisema kwa sauti ndogo, "Waliniambia kule mtoni wapo wenye masikio ya wale watu. Nikaona niende mbali kwanza."

Nilipofika kwenye swali la mumewe alinyamaza. Sikumbana; yule muuza karanga alikwishanidokeza kwamba mume alirudi kwenye bunduki na hakutoka. Niliandika kwamba atahojiwa na kamati kwa msaada wa mkalimani, nikamweleza fundi hayo ili ajiandae.

Kamati ilikaa katika chumba cha mikutano cha jengo la mkoa. Walikuwa watatu. Mwenyekiti, bwana mmoja mnene kutoka Dar es Salaam, mwenye heshima zake, aliyevaa suti ya Kaunda iliyopigwa pasi vizuri sana. Pembeni yake alikaa mjumbe wa mambo ya usalama, aliyekuwa na tabia ya kugonga kalamu mezani. Na mtazamaji kutoka shirika la kimataifa, kijana wa Kizungu mpole. Kazi yake ilikuwa kutazama, na alitazama. Mimi nilikuwepo kama ofisa wa mkoa, wa kuleta mafaili na kujibu nikiulizwa. Karani wao aliandika.

Asubuhi ile walikwishawasikiliza watu wengi na chai ilikuwa imepoa. Abiba akaingia, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Jina, kijiji, njia aliyopita. Akajibu. Ndipo mwenyekiti akauliza, "Mume wako yuko wapi?"

Mzee Komba akatafsiri. Abiba akatazama sakafu.

"Ajibu," mwenyekiti alisema.

Abiba akavuta kanga mabegani.

"Mwambie hatuna siku nzima. Karani, andika hajibu."

Mzee Komba alinitazama. Nami, kama tulivyofanya siku zote, niliinamisha kichwa kidogo. Akashika ncha mbili za futi yake, akamwegemea yule mama, akamwambia kwa Kiyao. Kiyao changu kidogo cha Tunduru kilitosha kuelewa. "Mtani, huyo mumeo alikuwa Myao kweli, au mlimwokota njiani? Maana naambiwa alikwenda kule kwenye bunduki. Babu zangu walipowafukuza ninyi, hakuna Myao aliyegeuza hata shingo."

Abiba aliinua uso. Alimtazama fundi, akaitazama ile futi, akajua anazungumza na mtani. Kicheko kikamtoka kabla ya chozi. Akajibu, "Huyo atakuwa alinyonyeshwa na Mngoni. Ndiyo maana akafa mjinga."

Mzee Komba akacheka. Nami nikacheka. Yule mama akajifuta macho kwa ncha ya kanga, na hapo akasema yote, polepole, na fundi akatafsiri neno kwa neno. Siku hiyo alikuwa ametandaza mtama juani, na mpaka leo hajui uliliwa na nani. Walikimbilia porini. Mumewe akakumbuka kwamba mama yake hawezi kutembea, akarudi. Wenye bunduki walimkuta mlangoni na mama yake mgongoni. Yeye Abiba wakamkamata siku iliyofuata, wakambebesha mahindi waliyopora, akatembea na mzigo na wenzake, na mmoja wa wale wenye bunduki alikuwa kijana wa kijiji chake mwenyewe, aliyemjua kwa jina. Alitoroka alipotumwa kuchota maji. Aliwapata watoto kwa jirani aliyejificha nao. Akasema yule kijana aliapa mbele ya wote kwamba akimwona tena atamchinja, na kwamba anapajua kwao, kwa mama yake na kwa shangazi zake.

Nimesikia ushahidi mwingi katika maisha yangu. Ule ulikuwa mzima, hauna mahali pa kutoboa. Alipomaliza nilijua tumemaliza vizuri.

Mwenyekiti akaondoa miwani. "Kabla hajaanza, mlicheka nini?"

"Ni utani tu, mheshimiwa," Mzee Komba alisema. "Si sehemu ya ushahidi."

"Umemwambia nini?"

Fundi akamweleza, kwa Kiswahili safi, bila kuficha. Mjumbe wa usalama akaacha kugonga kalamu. "Kumbe mnafahamiana."

"Hapana, mzee. Leo ndiyo mara ya kwanza namwona."

"Unamtania mtu usiyemjua, kuhusu maiti ya mumewe, naye anacheka?"

"Ndiyo, mzee. Ni mtani wangu."

Nikaomba kusema. Nikaeleza utani ni nini, kama ninavyowaeleza ninyi, kwamba bila ule utani mama asingefungua mdomo, kwamba ndivyo tulivyofanya kazi mkoa huu tangu enzi za Bwana Haule. Mwenyekiti alinisikiliza kwa adabu. Yule mtazamaji alikuwa akiandika haraka, nikapata tumaini, maana nilidhani anaandika niliyosema. Abiba alitutazama mmoja baada ya mwingine. Hakujua kwamba sasa anahukumiwa.

Majibu yalichukua muda, kama kawaida, halafu yakaja kwa mkupuo. Maombi yake yamekataliwa. Chini ya sababu waliandika kwamba mwombaji na mkalimani wanaonekana kufahamiana, na kwamba mwombaji alicheka alipoulizwa habari za kifo cha mumewe, jambo lisiloendana na mtu aliyefiwa katika mazingira aliyoyaeleza. Mwombaji alicheka. Nililisoma pale mlangoni kwa mhudumu aliyeleta barua, nikasimama nalo mpaka akaniuliza kama naumwa.

Niliandika maelezo kurasa mbili, nikayapeleka Dar es Salaam kwa mtu wa basi ili yasilale posta. Yule mama muuza karanga akaja ofisini na wazee wa msikiti, wakaapa kwamba Abiba hana biashara yoyote, nikaambatanisha na kiapo chao. Kisha nikapiga simu, nikangoja laini mpaka nikampata mwenyekiti mwenyewe.

"Mama Ndunguru," alisema, "mimi si mtoto. Nami nina watani. Baba yangu alipozikwa walitufanyia vituko mpaka tukacheka makaburini."

"Basi unajua, mheshimiwa."

"Najua. Lakini aliye juu yangu anataka sababu anayoweza kuitia sahihi. Nimwandikie kwamba mama alicheka kwa sababu ya vita vya babu zenu?"

"Mwandikie hivyohivyo. Ndiyo kweli."

"Ukweli wa msibani ni wa msibani, mama. Ofisi ni ofisi."

Sijamsamehe. Angekuwa hajui, ningesema ni ujinga, na ujinga una dawa. Alijua. Aliuacha utani wake nyumbani pamoja na kaptula ya utotoni, akaja kwetu na suti. Na yule mtazamaji, nilikuja kuambiwa, aliandika kwamba mahojiano yaliendeshwa kwa utulivu.

Amri ya kumrudisha ilipofika nilikataa kuitia sahihi. Ikatiwa na mwingine, kalamu hazijawahi kukosekana. Nilichoweza ni kudai kwenda naye. Tulimpeleka kwa Landrova, Saidi akiendesha, askari mmoja mbele, mimi nyuma na mama na watoto wake. Barabara ya kusini kupita Muhukuru mnaijua. Mzee Komba alikatazwa kuja. Alisimama Mjimwema mbele ya cherehani yake tulipopita, mkono umeshika futi, na Abiba akampungia kama mtu anayekwenda sokoni.

Njiani nilimwambia akifika asiende kijijini kwao, atafute mji wowote mkubwa. Alinijibu kwa upole, "Mama, mtu hufika mji kwa kupita vijiji." Nilikuwa nimembebea chumvi, sabuni na blanketi, na kila nilipoyatazama niliona aibu kwa niaba ya watu ambao hawakuwa na aibu.

Mtoni mtumbwi ulikuwa tayari. Askari akamkabidhi karatasi ambayo hakuweza kuisoma. Binti akaingia kwanza na beseni la vyombo kichwani, akampokea mdogo wake. Abiba akashika mkono wangu kwa mikono miwili.

"Mwambie mtani wangu asijilaumu," alisema. "Alinifungua, nikasema. Ni wao waliofunga."

"Nitamwambia."

"Na mwambie akisikia nimekufa, asininyamazie. Aje anicheke vizuri. Sitaki kuzikwa kimya kama mgeni."

Akapanda. Hakugeuka, na mimi nilijua kwa nini, kwa sababu Myao hageuzi shingo. Saidi alilia akiwa ameshika usukani, waziwazi, na askari akajifanya anatafuta kiberiti.

Nilipomfikishia Mzee Komba ujumbe alikuwa anashona sketi za shule. Alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Nitajuaje kama amekufa?" aliniuliza.

Amani ilikuja baadaye, malori yakawabeba wenzake wa makazini kuwarudisha kwao kwa nyimbo na vigelegele, na kila aliyetoka upande ule nilimwagiza aulizie Abiba wa kijiji fulani, mwenye binti na mdogo. Wengine hawakunijibu. Wengine walisema kijiji hicho hakina tena watu wa kuulizwa. Habari haikuja, wala ya uhai wala ya kifo. Mtani hawezi kumcheka mtu ambaye hajui kama amekufa.

Barua iliagiza mkalimani yule asitumike tena. Baadaye wakamrudisha wenyewe, maana hawakupata Songea nzima mtu wa Kiyao kama chake. Alikuja bila futi. Alikaa wima, akatafsiri swali na jibu, swali na jibu, hakuongeza hata kikohozi. Kamati iliyofuata ilimsifu kwamba ni mkalimani makini. Waliofungika walibaki wamefungika, karani akaandika hajibu, na faili la mtu asiyejibu halimsumbui yeyote.

Mjini nako aliacha. Wayao wakifiwa walimtumia ujumbe, akapeleka rambirambi, hakwenda kutania. Saidi alimchokoza garini kwa majuma mengi. "Mla panya, umeokoka?" Mzee alitabasamu tu akapanda nyuma kwenye mizigo bila kuambiwa. Mwisho Saidi naye akaacha, akaanza kumwamkia shikamoo ya kweli. Hakuna jambo la huzuni kuliko watani wawili wanaoheshimiana.

Ninyi mnaofanya kazi sasa mna kompyuta, mna alama za vidole, mna semina za namna ya kumhoji mtu aliyeumizwa, zinazofundishwa na wataalamu kutoka mbali. Nilihudhuria moja kabla ya kustaafu. Walisema mwombaji aandaliwe mazingira ya kumfanya ajisikie huru. Wenzangu wakaandika. Mimi nilikuwa namwona fundi na futi yake. Kama mnataka ushauri wangu, ni mmoja: mkiona jambo msilolielewa kwenye uso wa mtu, ulizeni kabla hamjaandika, na mkishaambiwa, andikeni mlichoambiwa. Sina mwingine. Nimeutafuta.

Mzee Komba alifariki mwaka wangu wa mwisho kazini, kwa ugonjwa wa kifua. Alizikwa Songea na mji ulijaa, maana nusu ya watu waliovaa siku ile walivaa nguo alizozishona yeye. Wayao walikuja kwa wingi, wamejipanga kama inavyotakiwa kwa mtani mkubwa namna ile: walitaka kuzuia jeneza mlangoni, wadai mbuzi, wavae makoti yake na kuigiza anavyotembea. Mjane akawapokea kwa heshima, akawaambia kwamba mwenyewe alikataza. Aliagiza asitaniwe. Wakatazamana, wakakaa chini. Kwa Mngoni wa zama zake, kukataa watani msibani ni kama kukataa kuzikwa na watu. Mimi na Saidi tulijua ni deni gani lile, na kwamba alikuwa akimngoja Abiba atangulie kuchekwa. Hatukusema kwa mtu.

Ibada ikaisha, udongo ukaanza. Saidi alikuwa amesimama karibu nami, mvi tupu, kofia yake ya kufuma mkononi. Nikamwona anahangaika. Kisha akapiga hatua hadi ukingoni mwa kaburi, akasema kwa sauti kubwa ya zamani ya Landrova, "We mla panya. Umetupima mji mzima, na hakuna suruali hata moja iliyotukaa sawa. Leo tumekupima sisi, na umeenea."

Watu wote waliganda. Padri aliinamisha uso. Mjane aliziba mdomo kwa kitenge na mabega yakaanza kumtikisika, sikuweza kujua ni kwa nini. Nami nikakisikia kicheko kinapanda tangu tumboni, kile cha miaka yote ile, kikanifika kooni. Kabla hakijatoka nikageuka kutazama nani anaandika.